Sura ya 7: Je, Aliyekuwa Mraibu Anaweza Kunitibu Tena?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mama amefika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Longisa asubuhi na mapema, ameshuka matatu iliyotoka upande wa Mulot, mtoto anachemka mgongoni. Jirani yake anamnong'oneza: "Yule wa chumba cha pili si ndiye aliyekuwa akilewa mpaka akapelekwa kurekebishwa? Kumbe wamemrudisha?"

Benchi kama hilo liko katika hospitali yoyote ya Bomet na Kericho, na swali la mama huyo ni la haki. Hujamjibu ukimwambia kwamba muuguzi huyo ameokoka. Hujamjibu pia ukimwambia kwamba mlevi ni mlevi tu. Anachotaka kujua ni jambo moja: nani amehakikisha, na kwa njia gani, kwamba leo hii mtu huyu yuko sawa?

Jibu langu ni kwamba anaweza kumtibu, kwa masharti. Kinachomuumiza mgonjwa zaidi ni uraibu unaofichwa. Ulioanikwa mbele ya watu wachache wanaoaminika, ukatibiwa na kupimwa, una hatari ndogo zaidi kuliko ule ambao kila mtu wadini anaujua na hakuna anayeusema.

Uraibu ni nini hasa?

Uraibu ni hali ambapo ubongo umezoea kileo au dawa kiasi kwamba mtu anaendelea kuitumia hata anapoona inamharibia kazi, nyumba na afya. Kiapo hakitoshi kuuondoa. Ndiyo maana utamkuta mtu mwerevu, mcha Mungu, anayejua vizuri kuliko wewe kile ambacho pombe hufanya kwenye ini, na bado anakunywa.

Uchunguzi wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha mwaka 2022 kwamba Mkenya mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe. Si wote ni waraibu. Lakini wauguzi, madaktari, maafisa wa kliniki na wafamasia wanatoka katika watu hao hao. Wanakunywa kwenye harusi zile zile, na bonasi ya chai ikilipwa mwezi wa Oktoba, wao pia wana shamba nyumbani na marafiki wenye pesa mfukoni.

Tofauti zao na sisi wengine ni mbili. Ya kwanza ni uchovu: zamu za usiku, wadi iliyojaa, mtoto aliyefia mikononi saa tisa usiku na saa tisa na nusu unatakiwa kumpokea mwingine. Ya pili ni ufunguo.

Ufunguo wa DDA

Katika hospitali zetu kuna kabati ambalo wauguzi huliita DDA, jina lililobaki kutoka sheria ya zamani ya dawa za hatari. Ndani yake hukaa morfini, pethidini na nyingine kama hizo, dawa zenye nguvu za kutuliza maumivu ambazo pia hulevya. Kabati hufungwa mara mbili, na ufunguo hubaki kwa muuguzi aliye zamu. Pembeni kuna daftari. Kila dawa inayotoka huandikwa: tarehe, saa, jina la mgonjwa, dozi, aliyeichoma, shahidi, na kiasi kilichobaki. Zamu inapobadilika, anayeondoka na anayeingia husimama pamoja wakahesabu ampuli, vile vichupa vidogo vya kioo, moja moja.

Utaratibu huu ni mzuri sana. Sasa tazama jinsi unavyovuja. Mgonjwa ameandikiwa pethidini miligramu 50, na ampuli iliyopo ni ya 100. Nusu inachomwa, nusu inapaswa kumwagwa mbele ya shahidi. Lakini ni usiku, muuguzi yuko peke yake na wagonjwa wengi, na shahidi yuko wadi nyingine akizalisha. Basi shahidi anatia sahihi asubuhi, bila kuona chochote, kwa sababu anamwamini mwenzake. Hesabu ya ampuli inakubali. Daftari ni safi. Na ile nusu imeingia kwenye mkono wa mtu.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo: mgonjwa anachomwa maji, dawa yote inakwenda kwingine. Ndipo utakapomsikia mgonjwa aliyepasuliwa akilia kwa maumivu ilhali faili yake inasema alipata dawa nusu saa iliyopita. Nawasihi wasimamizi wa wadi: mgonjwa anayelia baada ya dawa asiitwe msumbufu kabla hamjaangalia daftari.

Dalili nyingine ni za kawaida, na hakuna hata moja inayothibitisha jambo ikiwa peke yake:

- mtu anayejitolea kufanya zamu za usiku kila mara, au anayefika hospitalini siku yake ya mapumziko bila sababu;
- ampuli "zinazovunjika" mara nyingi mikononi mwa mtu mmoja;
- mikono mirefu ya shati wakati wa joto, kwenda msalani mara kwa mara na kukaa huko;
- peremende mdomoni tangu asubuhi, simu iliyozimwa kila Jumatatu, na mke anayepiga wadini kusema mzee ana malaria, kwa mara ya nne mwaka huo.

Kwa nini Longisa si Nairobi

Nairobi mtu anaweza kutibiwa mtaa ambao hakuna anayemjua. Longisa ni mji mdogo kando ya barabara ya Narok kwenda Bomet. Fundi wa maabara atakayepima mkojo wako mlisoma naye. Mshauri nasaha mnaketi naye kanisani. Mhudumu wa duka la dawa ni binamu ya mke wako. Ukimweleza mmoja shida yako saa nne, kufikia jioni inajadiliwa Silibwet.

Hii ndiyo sababu wengi hawatafuti msaada mapema, na sioni haki ya kuwalaumu. Lakini udogo huo una upande mwingine. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, dalili huonekana mapema. Matroni anajua ni nani aliyepungua uzito. Mlinzi wa langoni anajua ni nani aliyefika akiyumba. Habari zipo tele, ila hazifiki kwa mtu mwenye uwezo wa kusaidia, kwa sababu wenzake wanaona kusema ni kumchongea.

Wanamfunika. Wanabadilisha ratiba ya zamu ili asipangwe asubuhi. Wanamalizia faili zake. Nia yao ni njema kabisa, na kila siku wanayomfunika ni siku nyingine ambayo mgonjwa analazwa chini ya mtu asiye na uwezo wa kufanya kazi, na siku nyingine ya ugonjwa wa mwenzao kukomaa.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza kwa kaunti kama Bomet ni rahisi: mtumishi wa afya asitibiwe uraibu katika hospitali anayofanyia kazi. Wa Longisa apelekwe Kericho, Nakuru, au Eldoret kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Vipimo vyake vifanyiwe maabara ya mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na mfanyakazi wa hospitali halindwi na sheria hiyo kidogo kuliko mgonjwa mwingine.

Kwa ufupi: Daftari la DDA lina nguvu ya shahidi wake tu. Kumfunika mwenzako ni kumwacha yeye na mgonjwa hatarini. Matibabu yafanyike mbali na wadi yake.

Sheria inasema mambo mawili

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inampa mwajiri ruhusa ya kumfuta papo hapo mfanyakazi aliyelewa wakati wa kazi hata akashindwa kuifanya ipasavyo. Wengi wanakijua kifungu hicho. Wachache wanakumbuka cha 41, kinachomtaka mwajiri kwanza amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Upande wa pili, Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inamweka mtu aliyegunduliwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wa akili, yaani mtu anayestahili matibabu na heshima. Mtumishi yule yule, siku ile ile, ni mkosaji kwa sheria moja na mgonjwa kwa nyingine.

Mimi nasoma sheria hizo mbili pamoja hivi. Kulewa kazini ni kosa, na anayeiba dawa ya mgonjwa ametenda kosa kubwa zaidi. Hayo hayafutwi na ugonjwa. Lakini adhabu ikiwa ndiyo mlango pekee uliopo, hakuna atakayeugonga kwa hiari. Mabaraza yanayotoa leseni, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Baraza la Wauguzi na Baraza la Maafisa wa Kliniki, yana nguvu ambayo mwajiri hana: yanaweza kumzuia mtu asifanye kazi popote nchini. Nguvu hiyo ikitumika kumwambia mtu "leseni yako inakusubiri, nenda kwanza ukatibiwe," inaokoa watu wengi kuliko ikitumika kumwondoa tu. Anayefutwa Longisa bila matibabu haondoki kwenye udaktari. Anakwenda kufanya lokamu, kibarua cha zamu kwenye kliniki ya mtu binafsi, mahali ambapo hakuna anayehesabu ampuli.

Mazungumzo ya kwanza

Usianze na mtu akiwa amelewa. Usimwite mbele ya wenzake, na usiwe peke yako. Njoo na mambo uliyoyaona: tarehe, saa, daftari. Tuseme muuguzi wa kiume mwenye miaka kumi kazini ameitwa na matroni ambaye amemlea tangu alipokuwa mwanafunzi:

"Keti, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Mama."

"Nimekuita kuhusu Jumanne usiku. Ulitoa pethidini tatu kwa mgonjwa wa kitanda cha sita. Mgonjwa huyo aliruhusiwa kwenda nyumbani Jumatatu."

Hapo atanyamaza, au atakasirika, au atasema ni makosa ya kuandika. Matroni habishani. Anamwambia mambo manne: ufunguo unabaki hapa leo, usiondoke peke yako, kuna daktari anayekusubiri mchana huu, na gari lipo. Hilo la kutomwacha aondoke peke yake ni la lazima. Mtu aliyefichuliwa ghafla, mwenye aibu, mwenye ujuzi wa dawa na njia ya kuzipata, anaweza kujidhuru usiku huo huo. Nenda naye, umkabidhi kwa mtu wa familia au daktari, uso kwa uso.

Nambari 1192 ya NACADA haitozwi malipo, na anayepiga anaweza kuwa mraibu mwenyewe, mkewe au msimamizi wake.

Kuacha kwa usalama

Watu wengi, hata wahudumu wa afya, hudhani kuacha pombe ni suala la moyo mgumu: jifungie nyumbani, vumilia, tetemeka, itaisha. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ushauri huo unaweza kuua. Pombe ikikatika ghafla, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na baada ya siku mbili tatu akili inaweza kuvurugika, mtu akaona visivyokuwepo huku moyo ukienda mbio. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Chang'aa na bia ni sawa katika hili.

Morfini na pethidini zina hatari ya aina nyingine. Mateso ya kukosa dawa, ambayo kule pwani huitwa arosto, huumiza sana ingawa mara chache huua. Kinachoua ni kurudi. Mwili uliopumzika kwa wiki kadhaa umesahau dawa, na dozi ile ile ya zamani sasa inasimamisha pumzi. Muuguzi anayerudia baada ya miezi mitatu ya kukaa safi yuko hatarini kuliko alivyokuwa kabla ya kuacha. Wanaotegemea dawa za aina hii wanaweza kusaidiwa na methadoni, ambayo Kenya ilianza kuitoa Mathari mwishoni mwa 2014, au na naltreksoni, dawa inayoziba mahali ambapo morfini hushika.

Baada ya mwili kutulia huja kazi ndefu ya ushauri nasaha. Vituo vingi nchini humweka mtu siku 90. Ni mwanzo tu, na kosa kubwa ninaloliona ni kuzichukulia siku hizo kama cheti: amemaliza, arudishwe wadini, arudishiwe ufunguo.

Mkataba wa kurudi kazini

Marekani ina mipango ya majimbo kwa ajili ya madaktari wagonjwa wa aina hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia madaktari 904 kutoka mipango 16 kwa miaka mitano. Kati ya 802 waliojulikana walikoishia, 647 walimaliza matibabu wakarudi kazini chini ya uangalizi, na mwisho wa miaka mitano 631 walikuwa na leseni na kazi. Ni matokeo mazuri ambayo huwezi kuyapata kwa kumtegemea mtu ajichunge mwenyewe.

Sisemi tutapata tarakimu hizo hizo Bomet. Wale walikuwa madaktari wenye kipato, na wenye mengi ya kupoteza. Lakini namna ya kufanya inahamishika, kwa sababu haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji uangalizi wa muda mrefu, na hilo watu wa afya wa Kenya wanalijua tayari: kwa miaka mingi wamekuwa wakimtazama mgonjwa wa kifua kikuu akimeza dawa mbele ya macho yao, na hakuna aliyeona ni dharau.

Mkataba huandikwa kabla mtu hajarudi na kusainiwa na yeye, mwajiri na daktari anayemtibu. Moyo wake ni huu. Mwaka wa kwanza hagusi ufunguo wa DDA, hafanyi zamu ya usiku, hafanyi kazi peke yake. Anaweza kuwekwa kliniki ya wajawazito, chanjo, au ofisi ya takwimu. Kazi ni kazi na mshahara ni ule ule. Lokamu zinasimama kabisa, au zinaingia kwenye mkataba huo huo. Kuna msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, asiye rafiki yake wa kunywa wala adui yake wa zamani, na watu wanaojua sababu hawazidi watatu au wanne.

Halafu kuna vipimo, visivyotangazwa siku. Alkoblo, kile kifaa cha kupuliza ambacho polisi hutumia barabarani, hunasa pombe ya saa chache zilizopita. Kipimo cha mkojo kinachotafuta mabaki ya pombe hurudi nyuma siku mbili tatu, na kipo cha damu kinachorudi nyuma wiki kadhaa. Kwa dawa, angalia sana: vile vikombe vya kawaida vya kupima mihadarati hunasa morfini na heroini, lakini vinaweza kuipita pethidini, tramadoli na fentanili bila kuona kitu. Ukimpima muuguzi aliyekuwa akitumia pethidini kwa kikombe hicho, majibu safi hayakuambii lolote. Maabara iambiwe wazi inatafuta nini. Na vipimo viongezwe pale hatari inapoongezeka: bonasi, Krismasi, msiba wa nyumbani.

Kwa ufupi: Kuacha ghafla bila daktari ni hatari. Siku 90 ni mwanzo. Kazi hurudi kwanza, ufunguo hurudi mwisho.

Wapo wasiopaswa kurudi kazi ile ile

Hapa natofautiana na baadhi ya watetezi wa waraibu ninaowaheshimu. Mtaalamu wa nusukaputi hushika dawa hizi kila siku, peke yake, kwa mikono yake, na anazijua kuliko yeyote hospitalini. Uzoefu wa Marekani na madaktari waliokuwa wakijifunza nusukaputi ni wa kuhuzunisha: miongoni mwa waliorudishwa baada ya kutumia dawa hizo, wapo ambao dalili ya kwanza kwamba wamerudia ilikuwa kukutwa wamekufa. Kwa mtu kama huyo naona ni upendo kumfundisha kazi nyingine ya afya kuliko kumrudisha chumba cha upasuaji kwa sababu hospitali ina upungufu. Upungufu ni wa kweli. Bado si sababu.

Pombe ni tofauti kidogo, na historia ina mfano mkubwa. Dk. Robert Smith, daktari wa upasuaji wa Akron, Ohio, alianzisha pamoja na Bill Wilson ule umoja wa walevi wanaosaidiana uitwao Alcoholics Anonymous, ambao leo una vikundi hata Kenya. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya Juni 1935, mikono ya Smith ikitetemeka, Wilson alimpa bia ili atulie apate kufanya upasuaji. Smith hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950, na katika miaka hiyo aliwatibu walevi kwa maelfu. Namstahi sana. Lakini leo upasuaji ule ungepaswa kufanywa na mtu mwingine.

Na akianguka tena?

Baadhi wataanguka. Wale madaktari 647 walipopimwa kwa miaka mitano, vipimo viliwanasa 126. Kati ya hao, 33 walinaswa tena baadaye. Wengine 93 walinaswa mara moja tu, wakashughulikiwa, na vipimo vyao havikuonyesha tena.

Kwa hiyo mkataba useme mapema litakalofanyika, ili siku hiyo pasiwe na mabishano. Anayenaswa hafutwi papo hapo, wala hasamehewi kimyakimya kwa kuwa alikuwa anaendelea vizuri. Anarudi kwa daktari wake siku hiyo hiyo, baraza lake linaarifiwa, na muda wa mkataba unaanza kuhesabiwa upya. Akinaswa tena, suala la leseni linafunguliwa mbele ya baraza, naye akiwa na haki ya kusikilizwa. Akiwa ameiba dawa ya mgonjwa, polisi na bodi ya dawa nao wanahusika, na mkataba usiahidi vinginevyo.

Na kabla ya yote hayo, saa ile ile majibu yanapotoka, anatoka wadini. Mwingine anachukua zamu. Daftari la DDA linahesabiwa na watu wawili, na kila mgonjwa aliyemhudumia tangu zamu ilipoanza anaangaliwa upya na mtu mwingine: maumivu yake, dozi zilizoandikwa kwenye faili, na mtoto yeyote aliyepewa sindano asubuhi hiyo.